Pauni Moja kwa Siku

Mama mmoja mtu mzima, aliyevaa sari ya kijani na koti zito la baridi juu yake, alisimama mbele ya jakuzi la watu sita, yaani beseni kubwa la maji ya moto yenye mapovu, katika duka nililokuwa nikifanya kazi, nje kidogo ya mji wa Leicester, akaisoma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa jakuzi hilo tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akairudia. Ilikuwa Oktoba 2023. Mimi nilikuwa ndio kwanza namaliza kuzungumza na dada yangu kwa simu. Yule mama alinigeukia akaniuliza, kwa Kiswahili cha Tanga kisichohitaji kutafuta maneno, "Nimekusikia unavyosema, mwanangu. Kwenu wapi?" Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia kwetu Muheza. Yeye alizaliwa Tanga mjini, kwenye mojawapo ya barabara zile za namba za Ngamiani, ambako babu yake alikuwa na duka la vitambaa, na familia yake ilihamia Uingereza alipokuwa msichana. Leicester ina watu wengi wenye historia ya namna hiyo, wenye asili ya Gujarati waliozaliwa Uganda, Kenya na Tanzania, kwa hiyo Kiswahili si kitu kigeni katika mitaa yake.

Tulipomaliza kuulizana habari za nyumbani, aliweka kidole juu ya mstari wa nne wa karatasi.

"Hapa pameandikwa maji haya yanashusha sukari," alisema. "Mimi nachoma insulini, mwaka wa tisa huu. Ni kweli?"

Karatasi ile niliichapa mimi. Maneno hayakuwa yangu, yalitoka katika kijitabu cha mtengenezaji, lakini niliyachagua, nikayapanga, nikayakuzia herufi na kuyabandika kwa mikono yangu. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mtu aliyekuwa tayari kutoa karibu pauni 5,000 kwa kuyaamini, naye alikuwa ameniuliza swali rahisi kuliko yote anayoweza kuulizwa muuzaji, na sikuwa na jibu. Nilimwambia sijui. Nilimwomba anipe siku chache nitafute, akakubali, akaniachia namba ya simu ya mwanawe.

Dai lile lilikuwa na chimbuko, na chimbuko lenyewe ni la heshima. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha barua fupi ya daktari Philip Hooper wa Colorado, ambaye aliwaomba wagonjwa wake wenye kisukari cha aina ya pili wakae ndani ya jakuzi kwa dakika 30 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa muda wa wiki 3. Wastani wa sukari yao kabla ya kula ulishuka kutoka miligramu 182 hadi 159 kwa desilita moja ya damu, na uzito wao ulipungua kwa wastani wa kilo 1.7. Wagonjwa hao walikuwa 8. Hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, yaani watu wenye ugonjwa uleule ambao hawakuingia majini, ili ijulikane kama ni maji yaliyofanya kazi au ni kule kujua kwamba daktari anawaangalia. Na mmoja wao, baada ya siku 10, ilibidi apunguziwe insulini kwa asilimia 18 ili sukari yake isianguke kupita kiasi.

Daktari aliandika alichokiona, akataja idadi, akaeleza jambo la insulini. Ni sisi wauzaji tuliochukua barua yenye tahadhari zake zote na kubakiza maneno mawili tu, "inashusha sukari". Nilipoisoma nilijikuta nimeshikwa na baridi, kwa sababu kile tulichokikata ndicho hasa kilichomhusu yule mama. Mtu asiye na kisukari angeweza kuusoma mstari ule na kuupita. Mtu anayechoma insulini kila siku, akikaa nusu saa katika maji ya nyuzi 39 bila kuambiwa kwamba kuna mgonjwa aliyelazimika kubadilishiwa dozi, anaweza kuishiwa na sukari mwilini akiwa peke yake bustanini. Mstari wetu ulitokana na barua ya kweli, na bado ungeweza kumdhuru.

Nilimpigia nikamsomea barua nzima, namba kwa namba, kwa Kiswahili, nikamsihi aipeleke kwa daktari wake kabla hajaamua lolote. Alinishukuru. Kisha akaniuliza jambo jingine lililonifanya nisilale vizuri usiku ule. "Na ile pauni moja kwa siku?"

Kibao cha umeme ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote dukani. Kilisema gharama ya kuendesha jakuzi ni kuanzia pauni 1 kwa siku. Katika biashara hii dai la umeme ndilo linalouza, kwa sababu kila Mwingereza anayeingia dukani baada ya bili zilizopanda mwaka 2022 anaogopa mita yake kuliko anavyoogopa bei ya jakuzi lenyewe. Nami niliamini kibao changu. Sikuwahi kukaa chini na kalamu.

Hesabu yenyewe si ngumu, na mtu yeyote aliyemaliza sekondari anaweza kuifanya. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji wati-saa 1.16. Jakuzi la ukubwa ule linachukua lita 1,325 hivi. Maji ya bomba wakati wa baridi hutoka yakiwa na nyuzi 8 au karibu na hapo, na tunataka yafike 38, kwa hiyo ni nyuzi 30. Zidisha, utapata wati-saa 46,000 hivi, yaani yuniti 46 za umeme, kwa kuwa yuniti moja ni wati-saa 1,000. Wakati huo yuniti moja ilikuwa karibu peni 27 kwa nyumba ya kawaida, maana yake kujaza na kupasha maji mara moja tu kuligharimu pauni 12 na nusu, na kwa hita ya kilowati 2 kazi hiyo huchukua saa 23. Tena maji hayo humwagwa na kujazwa upya kila miezi mitatu au minne. Kibao hakikuyataja haya hata kwa herufi ndogo.

Hiyo ni safari ya kwanza ya maji. Gharama ya kila siku ni kitu kingine, nayo hutegemea joto linalovuja kupitia kuta na kifuniko usiku na mchana, awepo mtu majini au asiwepo. Hapo nilisaidiwa na jimbo la California, ambalo kwa miaka mingi limepima jambo hili kwa uaminifu kuliko duka lolote nililowahi kuliona. Kanuni zao zinataka jakuzi lipimwe likiwa limefungwa kifuniko, maji yakiwa karibu nyuzi 39 na hewa ya nje karibu nyuzi 16, bila mtu kuogea, na tangu Juni 2019 jakuzi la lita 1,325 halitakiwi kula zaidi ya wastani wa wati 226 hivi katika hali hiyo. Yapo yanayokula pungufu, na wanaoyatengeneza wana haki ya kujivunia. Lakini hebu tukae na kiwango hicho. Wati 226 kwa saa 24 ni yuniti 5.4, sawa na pauni 1 na peni 46. Hiyo ni katika hewa ya nyuzi 16, ambayo Leicester huipata mwezi wa sita. Mwezi wa kwanza hewa ikiwa nyuzi 4, tofauti kati ya maji na nje inapanda kutoka nyuzi 23 hadi 35, joto linavuja zaidi kwa kiasi cha nusu nzima, na jakuzi lilelile linakula yuniti 8 kwa siku. Tumekwisha kuvuka pauni 2, na bado hakuna aliyefungua kifuniko.

Nilirudi kwenye kijitabu cha mtengenezaji kutafuta pauni moja ilitoka wapi. Ilikuwa ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kusomea kwa miwani: hewa ya nyuzi 20, umeme wa peni 15 kwa yuniti. Peni 15 ilikuwa bei ya miaka kadhaa nyuma, na nyuzi 20 ni hali ya hewa ambayo hakuna mtu Uingereza anayenunua jakuzi ili aifurahie, maana watu wanalitaka kwa ajili ya jioni za baridi.

Nilipomweleza dada yangu hesabu hii alicheka akasema, basi lileteni Tanga. Alikuwa amesema kweli kuliko alivyodhani. Hewa ya Tanga ikiwa nyuzi 28, tofauti na maji ya nyuzi 39 ni 11 tu, na jakuzi lile lingekula chini ya nusu ya umeme linaokula katika kipimo cha California. Maneno yaleyale ya kibao changu, bila kubadilisha herufi, yangeweza kusimama pwani yetu na kuanguka Leicester. Tangu siku hiyo siwezi tena kusoma neno "kuanzia" au neno "hadi" katika tangazo bila kuuliza ni wapi, lini, na kwa bei ipi. Masharti hayo si mapambo ya dai. Ukiyaondoa, hakuna dai lililobaki la kuthibitishwa wala kukanushwa, na nadhani ndiyo maana huondolewa.

Kibao cha tatu ndicho ninachokiona kibaya kuliko vyote, japokuwa hakikumgusa mtu mfukoni. Kilisema, "Maji yanajisafisha kwa ozoni, hakuna haja ya kemikali." Kilisimama juu ya jakuzi tulilokuwa tukiliacha likiwaka mchana kutwa ili wateja waone mapovu na waguse joto. Kila asubuhi saa mbili na nusu, kabla ya kufungua mlango, nilichovya kikaratasi cha kupimia majini, nikasubiri kibadilike rangi kuelekea zambarau, nikakilinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kopo, na kikiwa hafifu nilichota kijiko cha chembechembe za klorini na kuzimwaga taratibu huku pampu ikizunguka. Kopo la klorini lilikaa sakafuni, nyuma ya kibao kilichosema hakuna haja ya kemikali. Nilifanya hivyo kwa mwaka mzima, mkono mmoja ukishika kijiko na kiwiko kikigusa kibao, na sikuunganisha mambo hayo mawili.

Ozoni ni gesi, nayo hufanya kazi, sisemi haifanyi. Huua vijidudu maji yanapopita kwenye bomba lake, lakini hutoweka upesi na haibaki majini kuwalinda walioketi ndani. Ndiyo sababu kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinataka maji ya jakuzi yawe na klorini isiyopungua sehemu 3 kwa kila sehemu milioni, hata kama kuna mtambo mwingine wa kusaidia. Adui mkubwa hapa ni bakteria wa Legionella, anayestawi katika maji ya kati ya nyuzi 20 na 45, ambayo ndiyo maji ya jakuzi hasa, na anayemwingia mtu kupitia mvuke na matone madogo mno yanayorushwa na mapovu. Si lazima uingie majini. Inatosha kupita karibu.

Na watu walipita karibu. Februari 1999, katika maonyesho ya maua ya Bovenkarspel nchini Uholanzi, wafanyabiashara walionyesha majakuzi yakiwa yanatoa mapovu katikati ya mabanda, na maelfu ya wageni waliokuja kutazama maua wakayapita. Watu 32 walifariki kwa homa ya mapafu ya Legionella, na wengine wengi waliugua. Mwaka 2012, katika mji wa Stoke-on-Trent, mwendo usiozidi saa moja na nusu kwa gari kutoka tulipokuwa sisi, jakuzi lililowashwa dukani kama sampuli lilisababisha vifo vya watu wawili, na mwaka 2017 kampuni iliyolimiliki ilitozwa faini ya pauni milioni 1. Hayo yote yalikuwa majakuzi ya matangazo. Sijui neno jingine la kuyaita, kwa kuwa hayakuwekwa pale ili mtu aoge. Yaliwekwa ili yaseme jambo kuhusu bidhaa, na kile yalichokuwa yakisema, kwamba maji haya ni salama na hayana kazi kubwa, hakikuwa kweli. Mteja anayeamini kwamba hahitaji klorini atakwenda nyumbani asiweke klorini, atawaita wajukuu.

Mambo mengine nitayapita haraka. Idadi ya viti huhesabiwa kwa makalio na si kwa miguu, kwa hiyo jakuzi la watu sita linakaa vizuri watu wanne wanaopendana. Nguvu za pampu huandikwa kwa nguvu farasi ambazo plagi haiwezi kuzitoa: plagi ya Uingereza, ambayo ndiyo tunayoitumia Tanzania na Kenya, ina fyuzi ya ampea 13, na ampea 13 kwa volti 230 ni wati 2,990, na nguvu farasi moja ni wati 746, kwa hiyo jakuzi linalochomekwa ukutani haliwezi kuwa na zaidi ya nguvu farasi 4 hata kama hita, taa na kila kitu kingine vimezimwa. Tulikuwa na moja lililoandikwa 6. Katika mengi ya majakuzi hayo ya plagi, pampu ikienda kasi hita huzimika ili fyuzi isiungue, maana yake maji hupoa wakati uleule mnapoburudika. Mteja anastahili kuambiwa hilo kabla ya kulipa.

Bei nayo ilikuwa na hadithi yake. Jakuzi la yule mama lilikuwa na pauni 7,995 iliyokatwa mstari mwekundu, na chini yake pauni 4,995. Nilifungua daftari la mauzo nikarudi nyuma kadiri lilivyokuwepo. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kulinunua kwa pauni 7,995. Pembeni mwa bei kulikuwa na kibandiko kisemacho ofa inaisha Jumapili, na kila Jumatatu asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubandika tarehe mpya juu ya ile ya zamani. Siku moja niliibandua yote kwa ukucha. Nilihesabu tabaka kumi na moja.

Sheria haikukaa kimya juu ya mambo haya. Kanuni za Uingereza za mwaka 2008 za kuwalinda wanunuzi ziliorodhesha vitendo 31 ambavyo ni haramu katika hali yoyote ile, na miongoni mwake kuna kudai kwa uongo kwamba bidhaa inatibu ugonjwa, na kudai kwa uongo kwamba ofa itadumu kwa muda mfupi sana ili mteja asipate nafasi ya kufikiri. Tangu Aprili 2025 nafasi yake imechukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2024, ambayo imeyabakiza makatazo hayo na kuongeza katazo la maoni bandia ya wateja. Kipo pia chombo kinachosimamia matangazo, ASA, kilichoanzishwa mwaka 1962, ambacho hakina uwezo wa kutoza faini lakini huchapisha maamuzi yake hadharani kila Jumatano, na malalamiko ya mtu mmoja yanatosha kukifanya kichunguze. Kwetu, Katiba ya Kenya katika ibara ya 46 inataka matangazo yawe ya haki, ya kweli na ya staha, na Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mnunuzi.

Lakini katika yote niliyoyasoma, kanuni iliyonigusa ni moja katika mwongozo wa matangazo wa Uingereza, nayo inasema kwamba mtangazaji awe na ushahidi wa maandishi mkononi kabla tangazo halijatoka. Kabla. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba tangazo ni zuri mpaka mtu alithibitishe kuwa ni baya, na kwamba mzigo ni wa mlalamikaji. Kanuni hii inaugeuza mzigo na kuuweka pale unapostahili, mabegani mwa anayesema, siku anayosema. Ningekuwa na karatasi moja tu nyuma ya kila kibao, inayoonyesha namba ilitoka wapi, yule mama asingeniuliza swali lile nikakosa jibu.

Niliandika upya vibao vitano nikavipeleka kwa meneja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mishahara ya watu saba ya kulipa na duka la mshindani barabara ya pili lililokuwa likiahidi peni 80 kwa siku. Aliniambia kila duka linasema hivi, na kwamba tukisema ukweli peke yetu wateja watakwenda wanakodanganywa. Nilimjibu kwamba wateja wa jakuzi hawanunui mara moja wakatoweka. Hurudi kwa ajili ya vichujio, klorini, vifuniko vipya na matengenezo kwa miaka kumi, na kila mmoja wao ana mita ukutani inayomwambia ukweli kila siku. Tulibishana kwa muda mrefu, kwa heshima. Mwishowe alikubali vitatu: mstari wa sukari uliondoka kabisa, kibao cha ozoni kikabadilika na kopo la klorini likawekwa mezani mbele ya wateja pamoja na vikaratasi vya kupimia, na kibao cha umeme kikaandikwa upya. Bei iliyokatwa mstari na kibandiko cha Jumapili alikataa kuvigusa. Nilimwambia sitabandika tena tarehe mpya, akampa kazi hiyo kijana mwingine, na mpaka nilipoacha kazi mwaka uliofuata kibandiko kiliendelea kuongezeka unene. Jambo hilo bado linanikera, na sioni sababu ya kulificha.

Kibao kipya cha umeme kilisema hivi: karibu yuniti 5 na nusu kwa siku majira ya joto, karibu yuniti 8 mwezi Januari, kifuniko kikiwa kimefungwa, zidisha kwa bei iliyo katika bili yako. Hakikuwa na neno "kuanzia". Kilikuwa na mistari mingi kuliko cha zamani na hakikupendeza kukitazama, ila watu walisimama na kukisoma, na baadhi yao wakatoa simu na kupiga hesabu palepale mbele yetu.

Yule mama alirudi mwezi wa Novemba akiwa na mwanawe. Daktari wake alikuwa amemruhusu, kwa masharti: maji yasizidi nyuzi 38, dakika 15 basi, apime sukari kabla na baada, na asiwe peke yake. Alinunua jakuzi dogo zaidi kuliko lile la kwanza, akasema ni kwa ajili ya magoti na wajukuu, habari ya sukari amwachie daktari. Mwanawe alifunga kipimo kidogo kwenye plagi ili waone umeme unavyokwenda.

Mwishoni mwa Januari alinipigia dukani.

"Mwanangu, umeniandikia yuniti nane. Hili langu ni dogo kuliko la kwenye kibao, na kipimo kinasema tisa na nusu."

Nilimuuliza wanaingia mara ngapi. Alisema mara nne kwa wiki, na kwamba wajukuu wakitoka huacha kifuniko wazi mpaka awafokee. Nilimuuliza kama ninaweza kuiandika namba yake kwenye kibao, chini ya ile yangu, ili anayekuja asome zote mbili.

"Andika," alisema. "Na uandike habari ya kifuniko. Jina langu usiliandike."

Niliiandika siku ileile kabla ya kufunga duka: Januari 2024, Leicester, jakuzi dogo zaidi ya hili, mara nne kwa wiki, kifuniko kikiachwa wazi, yuniti 9.5 kwa siku.